Nyota tatu na nusu kwa vijana wa guta la taka mtaani kwetu Tanga

Naanza na maksi kabisa maana najua wengi mnasoma mistari miwili mnaondoka zenu. Vijana wa guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya mizigo, wanaozoa taka nyumba kwa nyumba, nyota nne. Kontena wanakoenda kumwaga, nyota moja, na hiyo moja ni kwa vile kontena lenyewe lipo. Malipo na risiti, mbili na nusu. Ukijumlisha ukagawanya inakuja mbili na nusu, sasa hapo juu mi nimeandika tatu na nusu kwa mapenzi tu, wale vijana wanajituma na sioni kwanini wabebe dhambi za kontena.

Tuko uswahilini huku Ngamiani kwenye zile barabara za namba. Tanga mji umepangwa bana, mitaa imenyooka, guta linaingia kichwa hiki linatokea kichwa kile bila kukwama, sasa wenzetu mnaokaa mabondeni huko Dar ambako hata bodaboda inapita kwa kuomba, mkitusikia tunalalamika habari ya taka mnaweza kutushangaa. Ila subirini.

Huduma yenyewe iko hivi. Wanapita Jumatatu na Alhamisi, asubuhi saa moja au moja na nusu, mmoja anaendesha guta wawili wanatembea kwa miguu na filimbi. Ukisikia filimbi unatoa salfeti lako barazani. Usipotoa wanabisha hodi, na hapa ndio nyota ya kwanza inapotoka, hawapiti tu ili mradi wamepita. "Hodi, taka! Shikamoo mama, leo huna?" Kama huna wanaondoka, kama unayo ila iko uani na wewe mgongo unauma, wanaingia wenyewe kuichukua. Jirani yangu ni bibi wa umri mkubwa anaishi na mjukuu mdogo, hajawahi kubeba taka kupeleka nje tangu hawa vijana waanze, wanamtolea, wanamsalimia, na mara nyingine naona anawapa kahawa. Hakuna tenda iliyoandika hivyo popote.

Vifaa ndio shida. Gambuti wanazo, glavu ni hadithi nyingine. Kuna siku nilimuona mmoja amevaa ya mkono wa kulia tu, nikamuuliza mwanangu ya kushoto iko wapi, akaniambia anayo mwenzie. Kweli namwangalia mwenzie naye ana ya kushoto! Wanabeba taka zetu zenye vioo, nyembe, pampasi, miiba ya samaki, kila mtu na mkono wake mmoja mzima. Nyota moja nimewanyima hapo, na najua nimemnyima mtu asiyehusika maana glavu inanunuliwa na pesa, na hiyo pesa tutaifikia.

Guta lenyewe walilipata kwa ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Walikua wanapanga kuongeza la pili, mikopo ikasimamishwa 2023 nchi nzima, ikaja kurudi 2024, na hapo katikati walibaki na guta moja lililochoka ambalo likipata pancha basi mtaa mzima tunalala na taka zetu. Sasaivi yako mawili na tofauti unaiona kwa macho, zamani Alhamisi ilikua inaweza kuwa Ijumaa, ikawa Jumamosi, sasa Alhamisi ni Alhamisi.

Bei. Nyumba ya kawaida buku mbili kwa mwezi. Nyumba ya wapangaji wanahesabu vyumba na mnapatana. Biashara ya chakula mnapatana pia, na hapa naomba nikae kidogo maana nimegombana nao na tukaelewana.

Mi nauza juisi na chakula cha mchana hapa hapa barazani kwangu. Siku za kawaida taka yangu haina tatizo, maganda ya ndizi na viazi, majani ya mchicha, basi. Ukifika msimu wa machungwa ya Muheza ndio kasheshe. Machungwa yanashuka kwa malori bei inakua ya kutupa, na kila anayeuza juisi mji huu anakamua mpaka usiku. Wateja wanaona jagi, hawaoni maganda. Siku ya kwanza maganda yananukia vizuri tu, siku ya pili nzi, ya tatu yanaanza kutoa maji chini ya salfeti, maji ya njano yanayoteleza, na ukigusa salfeti mkono unanata. Sasa kijana wa guta akaja Alhamisi, akanyanyua moja, akalirudisha chini taratibu.

"Mama, hii siyo ya nyumbani hii."

"Ya wapi sasa? Si imetoka nyumbani kwangu."

"Hii ya biashara mama. Ya nyumbani haiwi na uzito huu."

"Mwanangu, nalipa kila mwezi, sijawahi kukukopa."

"Unalipa ya nyumba, sijakataa. We linyanyue mwenyewe uone."

Nikalinyanyua. Lilinyanyuka nusu likanishinda, mpangaji wangu yuko dirishani anacheka. Mwisho tukapatana jero kwa kila salfeti la maganda msimu mzima, juu ya ile buku mbili yangu, na mpaka leo naona ni haki. Lile guta likijaa maganda mabichi halibebi taka za nyumba zingine, watalazimika kwenda kumwaga na kurudi, mafuta yale nani analipa. Kwahiyo mama lishe na wauza juisi wenzangu mnaolalamika kwamba wanawachaji zaidi, wana haki ya kuwachaji. Ushauri wangu wa bure, anikeni maganda juani kwenye turubai kutwa moja kabla ya kutoa, yanapungua uzito sana, na kama una jirani mwenye mbuzi mpe, yangu karibu nusu sasa yanakwenda kwa mbuzi na silipi kitu.

Haya, kontena.

Guta linapotoka mtaani haliendi dampo. Linakwenda kwenye kontena la chuma lililowekwa pembeni ya barabara, wanamwaga pale, na kazi yao imeisha. Kutoka pale kwenda dampo ni kazi ya lori la mkandarasi, lile lori lenye mikono ya minyororo linalonyanyua kontena zima, kwahiyo kuna mikono miwili kwenye taka zako, mkono unaoujua, unaousalimia asubuhi, na mkono mwingine ambao hujawahi kuuona. Lori la namna ile linabeba kontena moja kwa safari moja. Linakuja, linaning'iniza, linakwenda mpaka dampo, linamwaga, linarudisha kontena tupu, ndio liende kwenye kontena jingine la mtaa mwingine. Sasa lori likiharibika au likikosa mafuta ni makontena yote yanasubiri kwa pamoja, na wewe ukiwa wa mwisho kwenye foleni basi tena.

La kwetu linajaa haraka, likijaa wanaanza kumwaga pembeni, pembeni kukijaa taka zinaingia barabarani, kuku, mbwa na paka wanafanya sherehe, na wale waokota chupa wanachambua wakitafuta makopo na vyuma wanazidi kutawanya. Silaumu waokota chupa, wao ndio watu pekee wanaopunguza ule mlima bila kulipwa na mtu. Ikifika hapo kuna mjanja mmoja usiku anawasha moto. Moto wa taka mbichi hauwaki, unafuka. Unafuka siku mbili moshi mweupe unaingia vyumbani, harufu ya plastiki na pampasi, watoto wanakohoa, nguo ulizoanika zinanuka, na upepo wa kusi ukivuma ndio unaelekezewa wewe. Mi nimefunga madirisha saa nane mchana joto la Tanga mnalijua wenyewe.

Mvua za masika zikinyesha lile kontena linatoa maji meusi yanashuka mtaroni. Mitaro inakwenda baharini, na bahari ile ile Jumapili tunapeleka watoto Raskazone kuogelea. Nisiendelee.

Sasa ukiuliza utapigwa danadana. Vijana wa guta wanasema sisi tumemaliza kwetu, kweli wamemaliza. Ukienda ofisi ya mtaa unaambiwa tumeshatoa taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, yaani halmashauri, na halmashauri inaruhusiwa kuwapa kazi vikundi na wakandarasi, nchi nzima ndio inavyofanyika. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ugomvi wangu ni kwamba mi mlipaji nimeunganishwa na mkono wa kwanza tu. Guta lisipokuja simlipi, anaumia, kesho anakuja. Lori lisipokuja namfanya nini? Simjui, simlipi mimi, simu yake sina. Anayeumia ni yule yule kijana wa guta maana watu wanasema taka zimejaa kwanini tulipe, wanagoma kulipa, wanamkomoa asiyehusika.

Na ule usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nao uangaliwe. Tunatoka wote, majembe, mafagio, tunazibua mitaro, tunatoa mchanga na takataka zote tunazirundika ukingoni mwa mtaro, tunapiga picha tunarusha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, mashallah. Halafu hakuna lori la kubeba lile rundo. Mvua ya Jumatano inarudisha kila kitu mtaroni na mwezi ujao tunatoa mchanga ule ule, mi nadhani kuna mchanga mwingine pale tunafahamiana nao kabisa.

Tuje kwenye pesa, maana nadhani ugonjwa uko hapa.

Unalipa vipi? Kijana anakuja na daftari, la kawaida la shule, limepigwa mistari kwa rula, jina la mwenye nyumba, mwezi, sahihi. Unampa buku mbili mkononi au unatuma kwenye simu ya mweka hazina wao. Risiti ukiomba unaandikiwa kwenye kikaratasi, usipoomba hupati. Nyumba inayolipa na isiyolipa zote zinazolewa taka sawa, kwasababu wakiziacha taka za asiyelipa barazani zitawanukia wote, na akizitupa mtaroni ndio mbaya zaidi. Kwahiyo asiyelipa anakula mgongoni mwa anayelipa na anajua. Mtaani kwetu kuna nyumba nzuri tu, ya tailizi mpaka ukutani, haijawahi kulipa hata mwezi mmoja, mwenyewe anabisha kwamba pesa ya taka inakatwa kwenye LUKU ya umeme. Baba, ile ya LUKU ni kodi ya jengo! Ilianza 2021 buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500, na haihusiani na salfeti lako la taka hata kidogo. Hili naomba mlisambaze kwasababu nimelisikia kwa watu wengi na wanaamini kabisa, na wale vijana hawana ubavu wa kubishana na mtu mzima barazani kwake.

Sasa linganisha na maji. Maji mji huu hatujambo, tusiwe wachoyo wa kusifia. Yanatoka mto Zigi, milima ya Amani huko, yanakusanywa bwawa la Mabayani, yanasafishwa yanakuja bombani. Una mita yako, uniti moja ni lita 1,000 ambazo ni madumu 50 ya lita 20, mwisho wa mwezi meseji inaingia ina kontroo namba, ile namba ya kulipia bili yako, unalipa kwa simu ukiwa umelala, usipolipa unakatiwa wewe peke yako, jirani anaendelea kuoga. Kila shilingi inajulikana imetoka kwa nani. Na ndio maana 2024 mamlaka yetu ya maji iliweza kwenda kukopa kwa wananchi, ile hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa miradi ya mazingira, shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa mpaka soko la hisa la Dar es Salaam. Watu waliweka pesa zao kwasababu waliona bili zinalipwa na hesabu inasomeka. Jiulize nani ataweka pesa yake kwenye daftari la rula.

Sisemi taka ziwekewe mita, utapima nini, utapima maganda yangu ya machungwa? Ila kontroo namba kwa kila nyumba inawezekana, nyumba zina namba tayari, vibao vile vya anwani za makazi tumebandikwa. Buku mbili iingie inakoonekana, sehemu iende kwa guta, sehemu kwa lori, na lori lilipwe kwa kila kontena lililofika dampo likapimwa. Hapo mkono wa pili nao utaumia usipokuja. Wengine mtasema wananchi hawatalipa. Mbona maji tunalipa? Na tena kijana akibeba kimashine cha risiti badala ya daftari, yule wa nyumba ya tailizi ataonekana deni lake la miaka, tuone atasema LUKU tena.

Kwa wanaohamia huku na wanataka kujua wajiandae vipi, nawapa niliyoyazoea.

Mifuko ya rambo si mnajua imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwahiyo taka inawekwa kwenye salfeti la unga au la mchele, nunua tupu sokoni, na unawaambia vijana walimwage wakurudishie. Wanarudisha. Andika jina kwa maka peni la sivyo utarudishiwa la jirani lenye tundu. Pampasi zifungeni peke yake jamani, nawaomba kama mzazi mwenzenu, kijana ana glavu moja. Vioo na nyembe weka kwenye kopo la rangi lenye mfuniko. Chupa za plastiki msichanganye na uchafu wa jikoni, kuna akinamama wanapita kununua kwa kilo na zikiwa safi wanachukua kwa furaha, mi zangu nampa mtoto wa mpangaji anauza anapata hela ya daftari. Vifuu vya nazi msitupe uani, vikijaa maji ya mvua ndio mbu wanazaliana humo, viuzeni kwa wanaopikia au vitoeni na taka. Majivu hakikisheni yamepoa, guta liliwahi kuanza kutoa moshi katikati ya barabara kwa ajili ya jiko la mtu, vijana wakalimwaga pale pale na kuanza kuzima kwa maji ya kuombaomba majumbani.

Mwezi wa Ramadhani wanachelewa kidogo, wanapita mchana karibu na adhuhuri, na taka zinakua nyingi kuliko miezi yote kwasababu ya futari, maganda ya mihogo na magimbi. Ongezeni chochote. Sikukuu ya Idi hawapiti siku yenyewe ila kesho yake wanakuja wakiwa wamependeza na pafyumu juu, unamuona kijana anabeba taka ananukia udi.

Ukiwa na malalamiko usiwapigie kelele barabarani. Wana mwenyekiti wao wa kikundi, msikivu, nilimweleza habari ya guta kuacha maji yanadondoka barabarani wakaweka turubai chini wiki ile ile. Ile ya kontena nilimweleza pia, akanyamaza kidogo akasema "dada, hilo hata sisi linatuua, tukifika limejaa tunakaa na mzigo kwenye guta mpaka jioni, siku imekufa". Basi nikaona tumeelewana.

Na wanaoniulizaga kila mara kuhusu magodoro na makochi mabovu, hawachukui. Guta halibebi na kontena halipokei, ukiliacha godoro pale waokota vyuma wanalichana wanatafuta springi na sponji inasambaa mtaa mzima. Tafuta mwenye kirikuu mpatane alipeleke moja kwa moja dampo, na umlipe nusu kwanza, nusu akikurushia picha ameshushia dampo, maana kuna mmoja alilipwa yote, lile godoro tukalikuta asubuhi limesimama wima pembeni ya kontena letu.